Sola juu ya bati, mwalimu gizani

Wadau, nimerudi kutoka TP jana usiku, vumbi bado liko kichwani, ila hili siwezi kulala nalo.

Shule niliyopangiwa ina paneli nne za sola juu ya maabara. Taa? Hamna. Fomu Foo wanajisomea kwa tochi. Nikafungua vifuniko vya betri: kukavu! Yalihitajika maji ya betri tu, yale yanayouzwa sheli.

Mwalimu wa fizikia akaniambia, "Mdogo wangu, mafundi walikuja, wakafunga, wakapiga picha, wakaondoka." Semina ya nishati jadidifu alishahudhuria, siku mbili: slaidi, chai, cheti. Mita hakuishika.

Msiniambie walimu wavivu. Hata sisi tunaandaliwa hivyo hivyo. Kanuni ya Ohm nakuandikia usingizini, lakini kwamba betri ya volti 12 ikisoma 11 imeisha, na kuendelea kuikamua ni kuiua, nilifundishwa na fundi redio wa mtaani!

Eti hela hakuna. Ya paneli ilitoka wapi? Mita ni bei chee ukilinganisha na paneli moja. Paneli inadumu miaka 20 na zaidi, betri isiyotunzwa inakufa mapema, na paneli inabaki pambo.

Semina iwe ya mikono: mwalimu afungue, apime, aongeze maji, kisha arudie na wanafunzi wake. Na sisi tusahihishwe kwa hilo TP.

Wana-ualimu wenzangu, nani alishika mita kabla ya kwenda kufundisha? Semeni kweli.

Nawakilisha.