Kondomu: Mtumiaji Naye Aulizwe

Wazazi wenzangu, wapo watakaokunja uso kwa jambo hili kutajwa siku ya Jumapili. Na waukunje, maradhi hayana haya.

Kondomu ya kike iliyouzwa nchini kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 kwa jina la Lady Pepeta ilikuwa ya plastiki iitwayo poliyurethani. Ilikuwa imara, ila watumiaji katika nchi nyingi walilalamika kwamba inapiga kelele. Mtaalamu katika maabara hupima kwa hewa na maji kama kondomu itapasuka; hana mashine ya kupima aibu. Hebu fikirini nyumba ya Kilimarondo, ambamo chumba cha wazazi na cha watoto vimetengwa kwa ukuta usiofika paani. Humo mchakato wa plastiki watosha kumfanya mke aifiche kinga uvunguni. Lalamiko lilisikilizwa: aina ya pili, FC2, ikatengenezwa kwa mpira laini wa naitrili, na mwaka 2009 ikaidhinishwa Marekani.

Majaribio ya namna hii yana utaratibu wake. Kila mtu hupewa aina zote kwa zamu, wengine wakianza na hii, wengine na ile. Kisha huulizwa ipi imempendeza, ipi imeteleza, ipi imechanika. Nami ningeomba mke na mume waulizwe mbalimbali. Mume akiwa ameketi kando, mke atasema, "Muulizeni baba watoto," na mtafiti atarudi mjini na jibu la mtu mmoja, limeandikwa mara mbili.