CHUMBA KISICHO NA DIRISHA



Baridi ya Njombe yajulikana. Ifikapo Juni na Julai, mtu wa Kifanya hufunga mlango mapema, huziba kila ufa na kusogeza jiko la mkaa. Mwenye nyumba hulala na watoto wake. Lakini kibarua aliyekuja kupasua mbao au kuchuma chai hulala na wenzake watano au sita chumba kimoja, na dirisha lao ni tundu lililozibwa kwa gunia. Akikohoa mmoja, wote wavuta hewa ile ile mpaka kuche.

Hapo ndipo kifua kikuu kipatapo makao. Ugonjwa huu si uchawi, wala si wa ukoo. Robert Koch alikitambua kijidudu chake mwaka 1882. Huenea kwa hewa; upepo hukitawanya na jua hukiua. Nasi wa mkoa huu tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wana virusi vya UKIMWI, hali nchi nzima ni asilimia 4.4. Mwili uliodhoofishwa na virusi hivyo hushindwa upesi na kifua kikuu.

Wako watakaosema: dawa ipo, tena ni bure. Kweli. Lakini dawa hiyo kwa kawaida humezwa miezi sita bila kukosa. Je, kibarua ana chumba cha miezi sita? Kazi ikiisha, huondoka. Kodi ikimshinda, hutolewa. Akisikika anakohoa, hufukuzwa. Leo yuko Kifanya, kesho yuko Makambako kwenye barabara kuu na reli ya TAZARA, kesho kutwa hajulikani aliko. Dozi imekatika, kijidudu chaweza kuwa sugu, na chumba kile kimeshapata mpangaji mwingine.

Jambo hili si geni kwetu. Zamani za ukoloni babu zetu walitoka Njombe kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, wakalazwa makambini. Mkoloni amekwenda zake. Je, maisha ya manamba yabaki?

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni mbili kuzunguka redio, nao wakachimba vyoo na kusafisha vijiji. Lakini mtu huchimba choo kwake. Asiye na kwake atachimba wapi?

Kwa hiyo twasema wazi. Kila tawi litembelee kambi za vibarua, na mwajiri anayelaza watu gizani aulizwe mbele ya mkutano. Mgonjwa anayehama apitie kwanza zahanati, apewe karatasi ya kuendelea na dawa huko aendako. Na mgonjwa asifukuzwe: aliyeanza dawa na kuzimeza sawasawa huacha kuambukiza baada ya majuma machache. Anayemfukuza autawanya ugonjwa.

Tena tusimtafute adui mbali. Wamo miongoni mwetu wanachama wenye vyumba vya kupangisha. Ndugu, kabla hujasimama jukwaani kulaani umaskini na maradhi, nenda kaondoe lile gunia, utie dirisha.