NGURUWE NI KISINGIZIO TU

Ndugu wanaushirika, ndugu wananchi wa shehia,

Wiki tatu zimepita tangu mtamba wa Ushirika apigwe risasi usiku, nyuma ya mashamba ya mihogo, na mpaka leo hakuna aliyesimama akasema "ni mie". Tumesubiri. Tulitoa nafasi mtu aende kwa Sheha kimya kimya, usiku akitaka, maana usiku ndiyo saa zake. Hakwenda. Basi tunaandika hapa ukutani, penye njia ya kila mtu, anayekwenda dukani na anayekwenda msikitini, asije mtu akasema hakusikia. Na asiyejua kusoma asomewe na aliye karibu yake. Wengi wetu herufi tumezipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo hapa hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Tunalolisema ni usasi wa usiku, ule wa kutega chambo.

Unavyofanywa ni hivi. Mchana mtu anakwenda na gunia la machicha ya nazi, maganda ya mihogo, pumba na maembe yaliyooza. Anatafuta pahala penye njia ya wanyama, na mara nyingi pahala penyewe ni pale msitu unapokwisha na mashamba yetu yanapoanza. Anamwaga. Kesho anamwaga tena, na kesho kutwa. Siku ya nne mnyama keshazoea. Hapo ndipo bwana msasi anapopanda dungu lake alilolifunga mtini, ana bunduki, ana kurunzi, anangoja. Akisikia kitu kinatafuna anawasha. Macho yakimeta anapiga. Hajui macho ya nani. Ng'ombe naye macho yake yanameta, na yule mtamba alikata kamba akafuata harufu ya pumba kama atakavyofanya ng'ombe yeyote mwenye njaa.

Sasa sikilizeni majibu tunayopewa barazani. Ati hii ni vita ya nguruwe. Ati anayepinga usasi wa usiku anamtetea nguruwe aliyetutia umasikini. Maneno haya yanasemwa kwa sauti kubwa, na wengine wanaitikia kwa kichwa.

Hebu tuulizane, jamani. Nani kijijini hapa anakula nguruwe? Hakuna. Basi yule anayeshuka dunguni saa kumi za usiku na gunia zito mgongoni, ndani ya gunia mna nini? Angekuwa amepiga nguruwe angemwacha palepale, akaja asubuhi kujisifu, watu wakaenda kumtazama na watoto wakampiga mawe. Mwaka mzima huu tumeonyeshwa nguruwe wangapi waliokufa kwenye chambo? Hesabuni kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vitabaki. Lakini gunia linashuka, na pikipiki inalingoja barabarani, na kabla ya adhana ya alfajiri nyama imeshafika mjini kwa mlanguzi. Nyama hiyo ni paa. Kila mtu anajua ni paa. Tunanyamaza kwa sababu fulani ni mtoto wa fulani, na fulani alitukopesha wakati wa shida.

Hatusemi nguruwe ni rafiki. Mtu asituwekee maneno kinywani. Nguruwe tunamjua sisi tunaolima mawe haya ya Kusini, ambako udongo mtu anautafuta kwa kidole katikati ya jiwe na jiwe. Umepanda muhogo, umepalilia mara mbili, mvua imekuja vizuri, umeshaanza kupiga hesabu ya sare za skuli. Usiku mmoja kundi linapita na kufukua. Halili yote, maana lingekula yote ingekuwa na maana. Linang'oa, linatafuna nusu, linakanyaga, linakwenda. Bi mkubwa mmoja wa upande wa chini alikaa juu ya jiwe asubuhi ile hakusema neno mpaka jua likawa kali. Adui huyo ni wa kweli, na hasa kwa sababu ni wa kweli ndiyo tunakasirika anapotumiwa kama pazia.

Tena chambo chenyewe kinatuzidishia adui. Nguruwe ana pua kali. Ukimwekea chakula kila siku ukingoni mwa shamba unamwonyesha njia. Wanakuja kumi, msasi anapiga mmoja kama akimpata, tisa wanakimbia na kujua kwamba hapa pana chakula na hapa pana mshindo. Kesho wanapita hatua mia pembeni, na hatua mia pembeni ni muhogo wako wewe. Yakhe, hiyo ni vita gani ya kumlisha adui machicha?

Tazameni pia uzazi. Nguruwe anazaa watatu, wanne kwa mara moja. Paa anazaa mtoto mmoja. Ukiwapiga wote wawili gizani bila kuchagua, baada ya miaka michache atakayebaki ni nani? Hii haihitaji chuo kikuu.

Na paa tunayemzungumzia si paa tu. Hapa kwetu yupo paa nunga, yule mwekundu mwenye mkanda mweupe nyuma na madoa meupe miguuni. Wazungu walimwandika vitabuni mwaka 1918 wakampa jina la Dokta Aders aliyekuwa akifanya kazi Unguja, kana kwamba wazee wetu hawakuwa na jina lake. Dunia nzima anajulikana kuwapo hapa Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni-Dodori. Kwingine hayupo. Mwaka 1983 walikisiwa kuwa 5,000 kisiwani petu. Mwaka 1999 wakakisiwa kuwa zaidi kidogo ya 600. Miaka 16 tu! Ni kweli, mashoka ya kuni na makaa yamo katika hesabu hiyo, hatumsingizii msasi peke yake. Lakini paa aliyefyekewa msitu akabaki na kichaka kimoja, ukamwekea maembe mbele ya kichaka hicho, umemmaliza. Mnyama huyu anaokota majani, maua na matunda yanayodondoshwa na kima juu ya miti. Anatoka alfajiri, anapumzika mchana, akitoka tena jioni anaendelea mpaka usiku. Embe bivu chini ya mti kwake ni riziki ya kawaida. Hawezi kujua kwamba limewekwa na mtu.

Sheria ya misitu ya mwaka 1996 inamlinda, na hilo wasasi wanalijua kuliko sisi. Ndiyo maana wanakwenda usiku.

Kuna waliotia dini katika jambo hili, wakasema nyama ya porini ni halali na sisi tunaharamisha alichohalalisha Mungu. Hatuna elimu ya kufutu. Lakini twendeni pamoja kwa maalim wa chuo tukamuulize swali moja: paa aliyepigwa gizani, akakimbia na risasi tumboni, akafa peke yake kichakani, akaokotwa asubuhi amekauka, huyo kachinjwa na nani? Anayenunua nyama ya gunia bila kujua ilikufaje na ajiulize mwenyewe kabla hajatia chumvi.

Wengine wameacha bunduki wanatia sumu kwenye chambo. Hawa ndio hatuna hata la kuwaambia. Mbwa wawili wamekufa na povu mdomoni mwezi uliopita, na mmoja alikuwa mbwa hodari wa msako, aliyekuwa akituondolea nguruwe kwa haki mchana kweupe. Kuku wanakwenda kule. Watoto wanaokota maembe kule. Inahitaji kusemwa zaidi?

Wazee watakumbuka habari ya chui. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni kisiwa kizima, akiongoza mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, ya kuwasaka wachawi na chui waliosemwa kuwa wanafugwa na wachawi. Kampeni ilipokwisha chui aliendelea kuwindwa kama mnyama mharibifu. Hatuingii katika habari ya uchawi, kila mtu ana lake. Chui alikuwa mkorofi, alichukua mbuzi na mbwa, wala hatukuti wa kumlilia. Lakini alikuwa pia akila watoto wa nguruwe, na tangu atoweke hakuna msituni wa kumpunguza nguruwe isipokuwa binadamu. Wengi wetu chui tulimwona mara moja tu, tulipopelekwa Makumbusho ya Mnazi Mmoja, amekaushwa. Mwaka 2018 watu wa televisheni kutoka Marekani walisema kamera yao imempiga picha mmoja yuko hai, na ubishi ukazuka. Paa nunga naye tunataka wajukuu zetu wamlipie kiingilio?

Kwa kuwa tumeitaja Marekani, kule kuna mnyama wa jamii ya mbweha anaitwa koyote. Wafugaji wanamchukia kama tunavyomchukia nguruwe, maana anakula wanakondoo. Katika karne iliyopita waliwaua kwa mamilioni, kwa bunduki, kwa mitego, kwa mizoga iliyotiwa sumu, mpaka mwaka 1972 Rais Nixon akakataza sumu ile kwenye ardhi ya serikali yao kuu. Na mpaka leo wapo wanaoweka mzoga porini usiku, wakakaa na taa na bunduki wakingoja. Koyote amekwisha? Zamani alikuwa mnyama wa nyika za magharibi. Leo ameenea karibu nchi nzima, yumo hata ndani ya mji wa Chicago. Watu wenye ndege na fedha wamepiga miaka mia na mnyama wao amezidi. Sisi wenye kurunzi ya betri mbili tutammaliza nguruwe kwa machicha?

Liko jambo zito kuliko yote hayo, nalo ni roho za watu. Wakati wa bamvua watu wetu wanakwenda pwani usiku. Wenye mwani wanaondoka nyumbani kabla ya jua. Wenye madema na wachokoa pweza nao wana saa zao, na kila mmoja ana tochi mkononi au kichwani. Njia ya mkato ya pwani inapita hatua chache tu kutoka pale mtamba alipoangukia. Mama aliyeinama kufunga kiatu, na ndoo yake inang'aa, kwa mtu aliyekaa juu ya dungu tangu saa tatu na usingizi umemjaa, ana tofauti gani na mnyama? Mtamba tumemzika. Tulimpeleka kwenye hesabu za Ushirika tukamwandika hasara. Mtu tutamwandika wapi?

Tunajua atakayesema: sawa, basi tufanyeje, tukae tunatazama muhogo ukiliwa? La. Na hapa ndipo tunapotofautiana na wasemaji wa barazani, maana sisi tunataka nguruwe apungue kweli.

Msako ufanywe mchana, wa watu wengi, mbwa na nyavu, kwa idhini ya Sheha na kwa kuwaarifu watu wa Idara ya Misitu, kila mtu akijua mwenziwe amesimama wapi. Huo ndio usasi wa wazee wetu. Nguruwe analala kichakani mchana na mbwa anamtoa. Paa akinaswa wavuni anafunguliwa anakwenda, jambo ambalo risasi haiwezi kufanya. Kuta za mawe zilizobomoka pembezoni mwa mashamba tuzijenge tena kwa zamu. Inaumiza mgongo, tunakubali, lakini mawe hayauzwi, yapo hapohapo. Na miezi ya muhogo kukomaa tulinde kwa zamu, madungu yawe ndani ya shamba siyo msituni, na silaha iwe debe na moto. Nyumba isiyo na mwanamme wa kulinda ilindiwe na jirani, na jambo hilo liandikwe daftarini lisiachwe kwenye hisani.

Chambo kisiwekwe tena, cha pumba wala cha sumu. Mwanaushirika atakayekutwa anamwaga gunia ukingoni mwa msitu jina lake litasomwa mkutanoni, na mgao wake wa mbegu utapelekwa kwa aliyefukuliwa shamba. Mnunuzi wa nyama ya gunia tunamweka fungu moja na muuzaji, hata akiwa ni mkubwa wa kijiji, hata akiwa ni mjumbe wa kamati yetu wenyewe. Hilo tunalisema makusudi na wenye masikio wamesikia.

Tunajua pia kwamba wasasi wenyewe si matajiri. Kijana hana kazi, anapewa bunduki ya mtu mwingine na betri za mtu mwingine, anakesha na mbu, halafu anayekula faida amelala kwake mjini kwenye feni. Kijana huyo tunamwambia aje kwenye msako wa mchana, macho yake na shabaha yake tunavihitaji. Wa mjini hatuna la kumwambia hapa, hasomi ukuta huu.

Mkutano utakuwa Ijumaa baada ya sala, skuli, chini ya mwembe. Wenye mbwa waje kuwaandikisha. Wenye nyavu nzima na wenye nyavu za kushona waseme ni zipi. Kina mama wenye mashamba ya upande wa msitu wakae mbele, maana wao ndio watakaosema zamu zianze wapi. Na aliyempiga mtamba bado ana siku tatu za kwenda kwa Sheha. Bei ya mtamba imeandikwa kwenye daftari la mweka hazina, na inaweza kulipwa kidogo kidogo.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Ushirika