Nani Alimlipa Debussy?

Karibu kila makala tuliyoletewa kwa toleo hili la jinsia na ujinsia katika saksafoni ya klasiki ilianza kwa kuhesabu wanawake walio jukwaani. Hesabu hiyo imenichosha. Jess Gillam alipofika fainali ya BBC Young Musician mwaka 2016, mpiga saksafoni wa kwanza kufika huko, tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini mpigaji hupiga kilichoandikwa, na kilichoandikwa kina aliyekigharimia.

Elise Hall wa Boston alimlipa Debussy mapema amtungie kazi ya saksafoni. Debussy akala fedha, akamkejeli mama huyo kwenye barua zake, kisha akafariki bila kuimaliza kazi. Roger-Ducasse ndiye aliyeikamilisha, ikapigwa Paris mwaka 1919, na aliyeipiga hakuwa Hall bali mwanamume. Leo Hall amebaki kwenye tanbihi, kana kwamba kuagiza muziki si sehemu ya kuutengeneza. Bila mkoba wake tusingekuwa na Rapsodie hiyo, wala Choral varié ya d'Indy, wala Légende ya Schmitt.

Wanaomtukuza nao wasikimbilie vigelegele. Kazi hizo tatu ni za wanaume, ilhali palepale Boston aliishi Amy Beach, ambaye simfoni yake ilishapigwa na okestra ya mji huo mwaka 1896. Na kisingizio kwamba wanawake hawakuiandikia saksafoni kilikufa zamani: Fernande Decruck alitunga sonata yake mwaka 1943, na Paule Maurice akafuata na Tableaux de Provence. Siku hizi wapigaji huchangishana ili kuagiza kazi mpya. Hakuna tena tajiri mmoja wa kumlaumu. Kila anayetoa mchango amechagua.

Humu mtakuta uchambuzi makini wa Grab It! ya Jacob ter Veldhuis, ambamo saksafoni ya tenor hushindana na sauti za wafungwa wa maisha. Uanaume haujawahi kupiga kelele vile. Insha kuhusu saksafoni kama sauti ya ashiki inasomeka vizuri, ingawa sifa hiyo aliyeieneza ni sinema, si Adolphe Sax.

Kuanzia toleo lijalo, uhakiki wa kazi mpya usiotaja aliyeilipia nitaurudisha kwa mwandishi.