Upepo wa Turkana: Neema ni ya Allah, Amana ni Yetu



Bei ya umeme inapolalamikiwa nchini Kenya, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana hutajwa mara kwa mara. Wengi huuliza: ikiwa upepo ni neema isiyouzwa, vipi umeme wake uwe mzigo? Ukiifuatilia habari hii utaona kuwa kasoro haikuanzia kwenye upepo, bali kwenye ahadi.

Mradi huo uko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na Kenya Power ilifunga mkataba wa kununua umeme wake kwa miaka 20. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Lakini njia ya kuufikisha umeme huo Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Kuijenga lilikuwa jukumu la serikali. Mkandarasi wa kwanza, kampuni ya Hispania, alikumbwa na ufilisi, na kazi ikamalizwa na Wachina. Umeme ukaingia kwenye gridi ya taifa Septemba 2018. Huku nyuma mkataba ulikuwa umekwisha kudai fidia ya mabilioni ya shilingi. Mlipa kodi akagharimia umeme ambao haukuwasha hata taa moja.

Jambo la pili ni kwamba upepo hauvumi kwa amri yetu. Turkana huvuma zaidi usiku, wakati matumizi yamepungua. Kwa hiyo shirika la umeme halina budi kuwa na vyanzo vingine vya kusawazisha, kama mabwawa ya Mto Tana na jotoardhi ya Olkaria. Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani, Kenya Power ilisema umeme wa Turkana ulikatika. Kampuni ya upepo ikajibu kuwa mitambo yake ilizimika kwa sababu ya hitilafu ya gridi yenyewe. Wakati wakubwa wanarushiana lawama, mgonjwa hospitalini anasubiri taa.

La tatu ni zito zaidi: ardhi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kuwa hati za ekari 150,000 za mradi zilipatikana kinyume cha sheria, baada ya wafugaji kulalamika. Kampuni iliipinga hukumu hiyo.

Ndugu Waislamu, dini yetu haipingi kutumia upepo. Qur'an imeutaja kuwa miongoni mwa ishara za Allah, na Nabii Suleiman (a.s.) alitiishiwa. Lakini dini hiyo hiyo imeamrisha kutimiza mikataba, ikaharamisha kupora ardhi japo shubiri moja, na ikayahesabu malisho kuwa haki ya pamoja. Wema wa lengo hauhalalishi dhulma ya njia.

Basi kabla ya kutia saini mradi mwingine, viongozi waulizwe mambo matatu: njia ya umeme iko wapi? Upepo ukitulia, nini kitashika nafasi yake? Na wenye ardhi wameridhia? Kuuliza hivyo si uadui kwa maendeleo, ni nasaha, na nasaha ni haki ya raia na wajibu wa Muislamu.