Bakteria Rafiki na Pumzi ya Mtoto: Tuweke Kila Kitu Mahali Pake

 

Ndugu Waislamu, katika msimu mmoja wa korosho, baada ya Sala ya Ijumaa, mfanyabiashara mmoja aliweka meza kwenye baraza ya msikiti wetu, huku upande wa Msimbati, akauza makopo ya kapsuli. Alidai kuwa ndani yake mna "bakteria rafiki" wanaoua virusi vya mafua, vya homa ya mapafu na hata vya korona. Fedha za korosho zilikuwa bado mifukoni, na makopo yakaisha kabla ya Alasiri. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza.

Haikupita muda, mama wa mwanafunzi wangu akanigongea mlango usiku. Mwanawe wa miaka 2 alikuwa akihema mbio, mbavu zikibonyea ndani. "Ustadhi," akaniambia, "leo siku ya tatu namtilia ile dawa katika uji wa moto, mbona haimsaidii?" Tulitafuta pikipiki, tukamfikisha hospitali, akawekewa oksijeni. Alhamdulillah, mtoto alipona. Lakini zile siku tatu zilitaka kumtoa roho, na ukimya wangu ulikuwa na sehemu yake. Ndiyo maana naandika.

Bakteria hawa ni nini?

Si uzushi mtupu. Mwanasayansi Elie Metchnikoff, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa utafiti wake juu ya kinga ya mwili, alishikilia kuwa bakteria wa maziwa yaliyoganda wana manufaa kwa mwili wa binadamu. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na wa Shirika la Afya Duniani waliwaeleza kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Huitwa probayotiki. Hapa kwetu, tangu mwaka 2004, akina mama wa Mwanza walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wa aina hiyo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Mtindi ule ulikusudiwa kuwa lishe kwa watu dhaifu, wakiwamo wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Haukuuzwa kuwa dawa ya kuua virusi.

Ama kuhusu maradhi ya njia ya hewa, mapitio ya Cochrane yaliyotolewa mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 20, yalionesha kuwa wanaotumia probayotiki huenda wakapata mafua na maradhi ya koo kwa uchache zaidi, wakaugua kwa muda mfupi zaidi, na wakahitaji antibayotiki kwa uchache zaidi. Hata hivyo, waandishi wenyewe walikiri kuwa sehemu kubwa ya ushahidi huo ni dhaifu. Tena majaribio hayo yalihusu zaidi kujikinga. Hayakumhusu mtoto ambaye tayari anashindwa kuhema. Huo ni msaada, na msaada si tiba.

Yule mama hakuambiwa pia kwamba bakteria hawa ni viumbe hai. Uji wa moto unawaua, na kopo lililoanikwa juani katika joto la Mtwara hupoteza faida yake. Wala hawafai kwa kila mtu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa kwa watoto njiti wanaweza kuingia katika damu na kusababisha maradhi ya kuua.

Dini yetu yasemaje?

Uislamu umetuamrisha kujitibu, na kutumia sababu hakupingani na tawakkul. Lakini sababu lazima iwe sababu kweli. Anayemuuzia mgonjwa kitu kwa sifa kisichokuwa nayo amefanya ghushi, hata kama kitu chenyewe ni halali. Juu ya hilo, baadhi ya kapsuli hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Nani alisoma maandishi ya kopo kabla ya kuliruhusu barazani?

Wapo watakaosema, "Ustadhi, basi turudi kwenye vya kwetu." Naam, kwa mpaka wake. Mtindi na togwa ni vyakula vyema. Watafiti waliochunguza watoto wa Tanzania waliolishwa togwa walichapisha mwaka 1999 kuwa vijidudu vya kuharisha vilipungua katika vinyesi vyao. Hiyo ni habari ya tumbo, wala haithibitishi kuwa togwa hutibu mapafu. Na togwa ikilazwa hadi ikalevya, imetoka katika halali. Mtume (s.a.w.) alikunywa nabidhi ingali mpya, na ilipozidi siku tatu aliiacha.

Nasaha zangu

Kwanza, mama ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au mbavu zikibonyea, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Asisubiri asubuhi.

Pili, tusikimbilie antibayotiki kwa kila mafua. Haziui virusi, na huwaua hao bakteria wazuri tulionao tumboni bila gharama.

Tatu, maziwa yachemshwe, yapoe, ndipo yagandishwe, na mtindi uliwe kama chakula, si badala ya daktari.

Nne, kamati za misikiti zisimruhusu mtu kuuza dawa barazani bila kuonesha usajili wake. Watu huamini kinachouzwa pale kwa sababu ya heshima ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, na amana hiyo tutaulizwa sisi tulioketi safu ya mbele.