Mgonjwa wa chumba cha pili

Msomaji mmoja wa safu hii ameniandikia: "Daktari, kila wiki unatushauri kuhusu familia zetu. Ya kwako inaendaje?" Nilicheka, kisha nikaona ni swali la haki. Basi leo nawasimulia wiki yangu iliyopita kama ilivyokuwa, na mwisho mtanihukumu wenyewe.

Jumatatu niliamka saa 10 na nusu alfajiri. Binti yangu yuko darasa la nne, mdogo wake yuko chekechea, na basi la shule halimsubiri mtu. Mume wangu alishughulika na chai, mimi nikatafuta soksi, ambazo katika nyumba yetu haziishi kupotea. Kabla ya kutoka nilipita chumba cha pili kumwamkia mama mkwe wangu, ambaye ana miezi miwili kwetu tangu atoke kijijini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Umeamkaje?" "Nimeamka salama." Nikaondoka.

Siku hiyo wodi ya wanawake ilikuwa na wagonjwa 31, vitanda ni 24. Raundi ilikwisha saa 7 mchana, miguu inawaka moto.

Jumanne ni kliniki ya presha na sukari. Hapo huwa naongea hadi sauti inakauka, na maneno ni yaleyale. Nawaambia kwamba presha ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, vipimo vikirudiwa, hiyo ni ya juu. Nawaambia kwamba wengi wenye presha hawasikii dalili yoyote, kwa hiyo kujisikia mzima si kipimo. Zaidi ya yote nawaambia kuhusu dawa. Ile mseto ya malaria unameza siku 3, dozi imekwisha. Dawa ya presha haina kumaliza dozi. Inashusha presha kwa sababu unaendelea kuimeza, ukiiacha inapanda tena. Kila Jumanne sikosi watu wa kuniambia: "Daktari, nilimaliza zile nilizopewa, nikapona."

Jumatano ilikuwa zamu ya usiku. Akina mama wawili walihitaji upasuaji wa kujifungua, na wote wawili walitoka salama na watoto wao. Alhamisi asubuhi nilirudi nyumbani nikalala kama gogo, isipokuwa simu. Ukoo wenye daktari mmoja mnaujua. Shemeji alituma picha ya vipele vya mtoto, binamu akauliza dawa ya kikohozi, na rafiki wa binamu, ambaye simfahamu, akataka nimsomee majibu ya vipimo. Niliwajibu wote.

Jioni nilikaa sebuleni namkagua binti yangu daftari la hesabu. Akaniuliza, "Mama, mtu akiumwa kichwa kila siku ni malaria?" Nikamuuliza nani anaumwa. Akanyamaza, akaangalia mlango wa chumba cha pili, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Bibi. Ila alisema tusikuambie, kwa sababu wewe unarudi umechoka."

Mkoba wangu wa kazi ulikuwa pale pale karibu na mlango, na mashine ya kupimia presha imo ndani. Kwa miezi miwili ilikuwa inapita hatua sita kutoka kitanda cha mama, ikienda kupima watu wengine.

Nilimketisha, akapumzika dakika tano, nikapima. Nikarudia. Ilikuwa 186 kwa 112. Nilimuuliza kuhusu maumivu ya kifua, kuona giza, ganzi ya upande mmoja, kauli kuwa nzito. Hakuwa na hata kimoja, nikamshukuru Mungu. Kisha nikauliza kama amewahi kuambiwa ana presha.

"Ndiyo, mwaka jana," akasema. "Walinipa vidonge. Nikamaliza dozi, nikapona."

Nilishindwa hata kumjibu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mama yake angeweza kupata kiharusi katika nyumba ya daktari, na sisi tungesema kimetokea ghafla.

Ijumaa niliomba ruhusa. Sikutaka kumtibu mwenyewe, maana macho ya mkwe si macho ya daktari. Nikampeleka kwa mwenzangu, nikaacha koti jeupe nyumbani, nikakaa benchi kama mtoto yeyote aliyemleta mzazi. Tulisubiri saa tatu. Mwenzangu ni kijana mchapakazi, na alifanya kila kinachotakiwa: alipima, akaandika vipimo vya mkojo, sukari na figo, akamwanzishia dawa. Maelezo yake yalikuwa sahihi neno kwa neno, ila aliyatoa akiwa anaandika. Mwisho akauliza: "Mama, umeelewa?"

"Ndiyo baba, nimeelewa."

Tulipofika nje, mama akanishika mkono. "Mwanangu, hivi amesema hizi nile mpaka lini?"

Sikumlaumu kijana yule, kwa sababu sauti niliyoisikia mle ndani ilikuwa yangu. Ndivyo ninavyouliza mimi kila Jumanne, na ndivyo ninavyojibiwa. Mtu mzima wa kwetu hawezi kumwambia daktari mwenye foleni ndefu kwamba hakuelewa. Ataona amemkosea adabu.

Jumamosi sikuwa na zamu. Nilikwenda sokoni na watoto, tukapika mchicha wa nazi na samaki. Kiasi cha chumvi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mume wangu alionja, akasema, "Mboga hii wamesahau chumvi." Mama akamjibu bila kuinua kichwa: "Haijasahauliwa. Imefukuzwa." Tulicheka hadi mdogo akapaliwa. Baadaye mwenye nyumba alikwenda kutazama mpira kwa jirani, nami nikamsuka mama nywele barazani. Hapo ndipo aliponieleza yote: kichwa, kutolala vizuri, na vidonge vya maumivu alivyokuwa akimtuma binti yangu dukani. Hayo hakuyasema chumba cha daktari wala asubuhi nikiwa na funguo mkononi. Aliyasema nilipokuwa nimekaa.

Jumapili jioni presha ilikuwa 164 kwa 100. Bado safari ni ndefu, lakini inashuka. Binti yangu ameandika namba hizo kwenye daftari lake jipya, na sasa kila asubuhi ndiye anayeuliza: "Bibi, umemeza?"

Jumanne hii kliniki nilibadili swali. Badala ya "umeelewa?" nilimwambia kila mgonjwa: "Hebu niambie, ukifika nyumbani utawaelezaje watu wako kuhusu dawa hizi?" Mama wa kwanza alijibu kwa ujasiri kwamba atawaambia pakiti ikiisha amepona. Tukaanza upya. Tulimaliza saa 11 jioni badala ya saa 9, na muuguzi wangu alinuna kidogo.

Msomaji wangu, huenda na wewe una mzazi chumba cha pili, au yuko kijijini na mnaongea kwa simu kila Jumapili. Ukimuuliza ameamkaje, atakujibu salama. Hadanganyi, ndivyo alivyolelewa, salamu hujibiwa kwa heri. Wiki hii mwamkie kama kawaida, halafu vuta kigoda ukae. Muulize analalaje, anameza nini, na nani alimpa. Kisha mpeleke akapimwe presha.

Tukutane wiki ijayo.